Skrubu ndogo, nyati mkubwa

Mtu akitaka kununua darubini ya bunduki, swali lake la kwanza huwa la namba. "Ya mara tisa inatosha, au nijikaze nichukue ya mara kumi na sita?" Simlaumu. Namba ndiyo iliyoandikwa kubwa kwenye boksi, namba ndiyo inayopandisha bei, na muuza duka naye anajua kwamba mteja anapenda kuona mbali. Habari za ringi, yale mapete ya chuma yanayoishikiza darubini juu ya bunduki, haulizi mtu. Za skrubu ndiyo kabisa.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu kwenye kambi ya uwindaji ilikuwa kupokea bunduki za wageni siku wanayoshuka kwenye ndege, kuzikagua, na kusimama nao uwanja wa shabaha mpaka mwindaji bingwa, yule anayewaongoza porini, aridhike. Kazi ile ilinitoa ushamba wa kushangaa darubini za bei mbaya. Chukua kisa cha nyati aliyejeruhiwa akaingia kwenye majani marefu, kifuatilie kutoka mwisho kurudi mwanzo: ni nadra ukute tatizo lilikuwa kutoona mbali. Utakuta ringi ililegea, au jicho halikuwa mahali pake, au mtu aliacha namba juu wakati mnyama yuko pale pale mbele yake.

Naongelea misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, upande wa Rungwa, ambako msimu unafunguliwa Julai mosi majani yakiwa bado marefu, mpaka moto wa Agosti na Septemba uyapunguze. Huko wanyama wengi hupigwa ndani ya mita 150, na nyati mara nyingi ndani ya mita 80, kivulini, katikati ya vichaka, akiwa na wenzake. (Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mtanivumilia.)

Mgeni mmoja alikuja na darubini ya 5-25x56, yaani inakuza mara 5 hadi 25 na lenzi yake ya mbele ina milimita 56, chombo cha kupigia vibao vya chuma kwa umbali wa kilomita nzima. Kioo chake kilikuwa kizuri ajabu. Jioni kambini tulipokezana kutazama mwezi. Siku ya nyati, traka, yule mfuata nyayo, akasimama ghafla, akaonyesha kwa kidevu, stiki za kuegemeza bunduki zikasimikwa, umbali kama mita 60. Mgeni akalenga. Akaendelea kulenga. Mwindaji bingwa anamnong'oneza, "Yule wa kulia, sasa hivi," naye anajibu kwamba haoni kitu. Kumbe darubini aliiacha kwenye 18 tangu uwanja wa shabaha. Kwa namba hiyo, mita 60, unaonyeshwa eneo la upana wa mita moja na ushee, na nyati ana urefu wa zaidi ya mita mbili. Alichokuwa anakitazama ni ngozi nyeusi isiyo na mwanzo wala mwisho. Kundi likanusa, likaondoka na vumbi lake.

Kwa bunduki ya nyati, yaani .375 (upana wa risasi kwa inchi) kwenda juu, mimi nasema nunua ya 1-4, 1-6 au 1.5-5, basi. Ikiwa kwenye 1 unalenga macho yote mawili yakiwa wazi, unaona mnyama unayemtaka na wale walio pembeni yake, na hilo la walio pembeni lina uzito wake kwa sababu risasi ya .375 inaweza kumpita nyati wa kwanza ikamjeruhi wa pili aliye nyuma. Kwa kongoni, palahala au tandala, 2-7 au ile 3-9x40 inayopendwa sana Marekani inatosha na inabaki. Na darubini ikibebwa porini, ibebwe kwenye namba ya chini kabisa. Mnyama aliye mbali atakupa muda wa kupandisha namba. Aliye karibu hakupi muda wa kuishusha.

Hoja ya mwanga ndiyo inayowachanganya wengi. Shika darubini mbali na uso, kama sentimita 30, utaona kiduara cheupe kwenye lenzi ya nyuma. Upana wa kiduara hicho unaupata kwa kugawa upana wa lenzi ya mbele kwa namba ya ukuzaji: lenzi ya milimita 40 kwenye 9 inakupa milimita 4.4, na lenzi ndogo ya 24 kwenye 4 inakupa 6. Mboni ya jicho la kijana ikiwa gizani hupanuka hadi kama milimita 7. Umri unavyokwenda inapungua, na wazee wengi hawafiki hapo. Kwa hiyo jioni ikiingia, darubini yenye lenzi ndogo uliyoishusha namba inaweza kukupa picha angavu kuliko dubwana la mwenzako lililopandishwa hadi mwisho. Wageni wengi wana miaka zaidi ya 55. Lenzi ya 56 wanailipia, wanaibeba mlimani, na jicho lenyewe haliwezi kuupokea mwanga wake wote.

Chui ndiye anayenifanya nilegeze msimamo. Anasubiriwa kwenye chambo, anakuja jua likishazama, na kuwinda usiku ni marufuku, kwa hiyo kazi yote iko kwenye zile dakika chache ambazo tawi bado linaonekana na madoa hayaonekani tena. Hapo lenzi ya 42 au 50 yenye kioo kizuri inarudisha gharama yake. Lakini inadai ringi ndefu ili isiguse mtutu, na ringi zikiwa ndefu shavu linaachana na kitako, mtu anainua shingo kutafuta picha. Shavu likielea, jicho halitulii sehemu moja. Ndiyo maana hata kwa chui mimi huishia kwenye 42.

Kuhusu msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini, kuna jambo moja tu ambalo lazima nilisisitize: nyuzi nyembamba nyeusi juu ya nyati mweusi aliyelala kivulini hazionekani. Zinapotea. Unajua ziko pale, ila huzioni. Chukua msalaba wenye nguzo nene zinazoishia karibu na katikati, au ule wenye nukta nyekundu inayowashwa kwa betri, na betri ya akiba ikae kwenye kitako. Ile miti ya Krismasi yenye vijistari na namba za kupimia upepo waachie wapigaji wa mbali. Mabishano ya bomba la darubini la inchi moja dhidi ya milimita 30 nayo siyaingii. Yote mawili yanafaa, hakikisha tu ringi zako ni za kipimo hicho hicho.

Sasa teke. Bunduki ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912 na bado ndiyo inayobebwa kuliko zote huku, inapiga teke karibu mara mbili ya .30-06. Teke hilo linakuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni jicho lako. Kila darubini ina umbali wake ambao jicho linatakiwa likae nyuma ya lenzi ili uone picha nzima. Kwa .375 usikubali chini ya sentimita 9. 10 ni bora zaidi. Ukisogea karibu kuliko hapo, ukingo wa darubini unakuja kwenye nyusi na kukuachia alama ya nusu mwezi. Damu ya pale inatoka kwa fujo kuliko ukubwa wa jeraha, na inaingia jichoni wakati huo huo ambao ungetaka kupiga risasi ya pili. Nimewaona watu wazima wakiwa na plasta ya kambini katikati ya uso kwenye picha yao ya kumbukumbu.

Njia ya pili ni darubini yenyewe. Bunduki inaporuka nyuma, darubini inataka kubaki pale pale ilipokuwa, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva akikanyaga mafuta ghafla. Kinachoivuta ifuate bunduki ni ringi mbili na skrubu zake. Darubini ikiwa nzito, inateleza ndani ya ringi, milimita kwa milimita, na wewe unazidi kuzungusha vifundo vya kurekebishia shabaha ukidhani risasi ni mbovu.

Juzi jirani yangu, mkulima mwenye kibali chake cha kuwinda, aliniletea bunduki ya CZ 550 ya .375 pamoja na darubini aliyoifunga kwenye kanga ya mkewe. "Mzee, nifungie hii, Jumamosi tunatoka." Nikafungua kifurushi cha ringi. Zilikuwa za reli (ile sehemu ya juu ya bunduki inayoshikwa na ringi) ya milimita 11, ile ya bunduki ndogo za .22. CZ 550 kubwa ina reli iliyochongwa juu ya bodi yenyewe, yaani mwili wa chuma wa bunduki, upana wa milimita 19. Alishawishika na bei, na dukani walimwambia ringi ni ringi. Ikabidi Jumamosi isogezwe mbele mpaka ringi sahihi zipatikane, na nilimwambia zikija ziwe za chuma, siyo za alumini ya mwanga mwanga, na moja iwe na kijino chini kinachokaa kwenye tundu lililochongwa kwenye bodi. Kijino hicho ndicho kinachobeba teke. Bila hicho unategemea msuguano peke yake.

Zilipofika tulikaa mezani. Kabla ya lolote, bolti (komeo la bunduki) nje, chemba na magazini vikaguliwe kwa jicho na kwa kidole. Kisha tukafuta mafuta yote: kwenye reli, kwenye ringi upande wa ndani, kwenye bomba, kwenye kila skrubu. Spiriti na kitambaa safi vinatosha. Mafuta ya bunduki ni rafiki wa mtutu na adui wa ringi. Kwenye bunduki kama Winchester 70 au Remington 700, ambazo besi zake, vile vipande vinavyobeba ringi, hufungwa kwa skrubu juu ya bodi, hapa ndipo unapofungua hata besi ulizozikuta zimefungwa na kuanza upya, ukitia tone dogo la gundi ya skrubu ile ya bluu. Ya nyekundu weka mbali. Kuifungua inataka moto, na moto na bunduki havipatani. Ringi zenyewe sizitii gundi.

Nusu za chini za ringi zikikaa, laza darubini juu yake bila kuifunga. Ikae yenyewe, isilazimishwe. Ikigusa ringi ya nyuma tu na kuelea kwenye ya mbele, ringi haziko kwenye mstari mmoja, na ukizikaza hivyo bomba litapinda kidogo, lenzi za ndani zitabanwa, na vifundo havitafanya kazi kama inavyoandikwa. Wapo wanaozisaga ringi kwa fimbo maalum mpaka zilingane. Mimi ringi zikiwa mbaya kiasi hicho nazirudisha dukani.

Umbali wa jicho haupimwi kwa rula. Funga vifuniko vya ringi kwa ulegevu ili darubini iweze kuteleza, pandisha namba hadi mwisho, maana hapo ndipo picha inakuwa na uchoyo zaidi. Simama, fumba macho, inua bunduki begani kama utakavyoinua porini, kichwa kikae kinapopenda kukaa, kisha fumbua. Ukiona kivuli cheusi pembeni, mwenzako asogeze darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Rudia ukiwa umekaa, kwa sababu ukiwa umekaa shingo inakwenda mbele. Rudia ukiwa na lile koti la asubuhi, kwa sababu Julai alfajiri huko kuna baridi na koti linaongeza unene begani. Jirani yangu alitaka tufungie pale alipoona vizuri akiwa amesimama. Alipokaa, nyusi yake ilikuwa vidole viwili tu kutoka kwenye chuma. Tukaisogeza mbele.

Kunyoosha msalaba ni kazi ya vifaa vya fundi mwashi. Weka pimamaji juu ya reli ya bunduki, bunduki ikiwa imebanwa kwenye viroba vya mchanga, hadi povu litulie katikati. Ning'iniza timazi kwenye mti mita 20 mbele. Tazama ndani ya darubini, zungusha bomba taratibu mpaka uzi wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wa timazi. Msalaba ukiegemea kidogo hutauona ubaya wake kwa mita 50. Ukienda mbali na kuanza kuzungusha kifundo cha juu, risasi itapanda na kwenda pembeni kwa wakati mmoja, na utapiga ramli.

Ndipo unakaza. Skrubu moja kidogo, ya upande wa pili kidogo, ya mbele, ya nyuma, kwa mzunguko, ukihakikisha nafasi kati ya kifuniko na nusu ya chini inalingana pande zote mbili, na kila baada ya mzunguko uangalie tena timazi kwa sababu kukaza kunazungusha bomba. Skrubu za ringi nyingi zinataka takribani nyutoni-mita 2, za besi zaidi kidogo. Karatasi ya kiwanda ndiyo yenye kauli ya mwisho. Bisibisi ya kupimia nguvu siyo anasa. Ukiikosa, tumia ufunguo mfupi na vidole viwili, kamwe siyo kiganja kizima. Vijana wa gereji wana ugonjwa wa kukaza hadi kitu kilie, na bomba la darubini ni alumini: likibonyea, limebonyea. Mwisho paka mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye ringi. Land Cruiser ya kambini, kwa barabara zile, inatikisa kila kitu kuanzia alfajiri hadi jioni. Mstari ukivunjika unajua skrubu ipi imejifungua. Mke wa jirani yangu alichangia rangi nyekundu, tena kwa masharti kwamba kanga irudi bila doa la mafuta.

Wenye Mauser za zamani, zile za Mjerumani na ndugu zake, wana mtihani wa ziada. Mkono wa bolti unanyanyuka wima unapofungua na usalama wake nao unasimama juu ya bodi, vyote viwili vinagonga darubini. Inabidi mkono upindwe na usalama ubadilishwe, na hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, siyo ya mtu mwenye tochi ya kuchomelea vyuma.

Uwanja wa shabaha unaanzia mita 25. Bolti nje, bunduki kwenye viroba, tazama kupitia mtutu wenyewe mpaka duara la shabaha liwe katikati ya tundu, kisha bila kuigusa bunduki zungusha vifundo mpaka msalaba ufike hapo hapo. Risasi ya kwanza itaingia kwenye karatasi, na umeokoa pesa, maana risasi za .375 bei yake kila mtu anaijua. Vifundo vya darubini nyingi za Marekani vinasogeza kama milimita 7 kwa kila kliki ukiwa mita 100. Vya Ulaya vingi, sentimita moja. Kwa mita 25 gawanya kwa nne. Ukiwa umelenga shabaha yako ya mwisho iwe mita 100, risasi za .375 za gramu 19 zinatakiwa ziingie kama sentimita moja chini ya katikati hapo mita 25, kwa sababu darubini imekaa sentimita nne hivi juu ya mtutu na risasi bado haijapanda kuufikia mstari wa jicho.

Halafu mita 100, risasi tatu tatu, mtutu upoe kati yake. Kiroba kikae chini ya mbao ya bunduki, kamwe kisiwe chini ya mtutu. Tatu zikiwa pamoja lakini pembeni, rekebisha vifundo. Tatu zikitawanyika, usiguse vifundo. Rudi kwenye skrubu. Watu wengi wanafanya kinyume chake, wanaifukuza kila risasi kwa kliki mpaka boksi linaisha. Ikikaa sawa mita 100, jua kwamba kwenye 200 itashuka takribani sentimita 15, kutegemea risasi yenyewe. Na ukibadilisha aina au uzito wa risasi, karatasi ianze upya. Ikishakaa sawa, acha meza, piga ukiwa umesimama kwenye stiki, kwa sababu nyati hatakuletea meza.

Bunduki ya nyati isifungiwe darubini ambayo haitoki. Nyati akijeruhiwa na kuingia kichakani, unaifungua darubini, unaiweka mfukoni kwa traka, unaingia na vilengeo vya chuma, mita kumi, mita tano. Ringi za kufungua kwa mkono zinagharimu zaidi, na ukiwa nazo hakikisha kwanza uwanjani kwamba darubini ikitolewa na kurudishwa risasi inarudi pale pale. Vilengeo vya chuma navyo vipigiwe shabaha kama kawaida. Wageni wengi wanavyo na hawajawahi kuvitumia tangu bunduki itoke dukani.

Kwa walio na ndugu Marekani: msiwaombe wawawekee darubini kwenye begi wakija Krismasi. Darubini za bunduki ziko kwenye orodha ya bidhaa ambazo kuzitoa Marekani kunahitaji kibali cha serikali yao, na shemeji yako wa Houston hatafurahi kujifunza hilo uwanja wa ndege. Muuza silaha mwenye leseni hapa nchini ndiye anayejua taratibu za pande zote mbili. Mitandaoni nako kumejaa bidhaa bandia zenye nembo za Leupold, Zeiss na Swarovski. Ukiona bei ni robo ya bei ya kawaida, ile siyo punguzo. Bandia inaweza kuwa na kioo cha kuridhisha dukani. Ifungie kwenye .375, piga boksi moja, halafu itikise karibu na sikio.

Jirani yangu aliniuliza kama ile ya kwake, 1.5-5x20 iliyotumika, ni ya kweli. Namba yake ya usajili tumeituma kiwandani, tunasubiri jibu. Kwenye karatasi risasi zake tatu za mwisho zilifunikwa na kopo la Kiwi, na rangi ya kucha haijavunjika.